Mwalimu Jedwali, Aliyefundisha Logi Kabla ya Kuzielewa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliokuwa nasi tangu Jumanne, ninasimama kama binti wa pili wa marehemu kusoma maisha yake, nikiwaomba mnivumilie pale yatakapokwenda kinyume na mlivyozoea kusikia mahali kama hapa, kwa sababu rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na baba mdogo kwa mapenzi yote, marehemu alisomewa akiwa kitandani hospitalini, na ilipofika kwenye maneno "alifundisha hisabati kwa weledi wa hali ya juu" aliinua mkono kama mwanafunzi, akasema, "Hapo futeni, au msisome kabisa."

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi wa samani na mama mshonaji, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa na kichwa cha ajabu, ukimtuma dukani vitu tisa anarudi na tisa, ila ukimuuliza kimojawapo ni cha kazi gani anakutumbulia macho.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 akaimaliza Novemba 1965, kisha akasoma sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, ambako kichwa hicho ndicho kilichombeba, kanuni za vipeo alizikariri zote bila kujikwaa, na majedwali ya logi aliyajua kiasi kwamba wenzake walimtajia namba naye akawatajia logi yake kabla hawajafungua ukurasa, wakambandika jina la Jedwali, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile alilopewa na wazazi, na hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza logi yenyewe ni kitu gani, maana mtu anayepata mia kwa mia haulizwi kitu.

Baada ya miaka miwili ya chuo cha ualimu aliajiriwa tarehe 10 Januari 1972 katika shule ya sekondari ya kutwa, ile ambayo madarasa yake yanatazamana na ghala la mbao, na huko alifundisha hadi alipostaafu, na tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na mama yetu, mkunga, aliyemkubali, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa mwanamume pekee aliyefika kwa wakati, wakajaliwa watoto wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, ambao wote tulilishwa hisabati pamoja na uji na hakuna hata mmoja aliyeichukua chuo kikuu.

Hapa ndipo marehemu alipotaka tusimame. Mwezi Juni 1983, akiwa na kidato cha tatu, aliandika ubaoni namba mbili ndefu za kuzidisha, akasoma logi ya kila moja, akazijumlisha, akarudi kwenye jedwali akatoka na jibu, chap chap, darasa likapiga makofi kama kawaida, ndipo binti mmoja wa safu ya pili akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, tumeambiwa tuzidishe, mbona tunajumlisha?", naye akamjibu kwamba ndivyo logi zinavyofanya kazi, binti akasema, "Sawa, Mwalimu, lakini kwa nini?", na baba, ambaye siku hiyo kwa mara ya kwanza aliona kwamba hajui, akasema, "Jedwali halina kwa nini, wewe ndiye mwenye kwa nini nyingi kuliko akili," darasa likaangua kicheko, akamtoa nje akae barazani mpaka mada nzima iishe, na kwa wiki mbili wapita njia walimwona binti wa watu amekaa kwenye sakafu na daftari mapajani, wakidhani ana utovu wa nidhamu.

Nyumbani alituambia kuna mwanafunzi jeuri, tukamwamini, mama akampa pole, na kwa miaka tisa iliyofuata aliendelea kufundisha mada ile kwa kasi zaidi, maana ukienda kasi hapatikani mtu wa kukusimamisha, mpaka mwaka 1992 alipoletwa mwalimu kijana wa kike aliyetoka chuo kikuu, ambaye baba alimfuata chumba cha walimu na kumuuliza, kwa sauti ya bosi, kujumlisha logi kunaletaje kuzidisha, dada yule akamtazama akasema, "Mwalimu, unanipima au unauliza?", baba akasema, "Nakupima," dada akachukua chaki akaandika palepale juu ya meza kwamba nane ni mbili tatu zilizozidishana, na nne ni mbili mbili zilizozidishana, sasa ukizidisha nane kwa nne umezipanga hizo mbili zote mstari mmoja, nazo ziko tano, ambazo ndizo thelathini na mbili, kwa hiyo ile tatu ndiyo logi ya nane, ile mbili ndiyo logi ya nne, na tano ndiyo logi ya thelathini na mbili, katika kizio cha mbili, kwa kifupi logi ni kipeo kilichobadilisha nguo, na jedwali letu linafanya hayohayo kwa kutumia kumi, baba akasema, "Vizuri, umefaulu," akatoka, akaenda kusimama nyuma ya vyoo vya walimu mpaka kengele ilipolia.

Kuanzia hapo alifundisha mada hiyo polepole na kwa usahihi hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2011, na rasimu ya baba mdogo ingependa tuishie hapo, lakini wale waliopita mikononi mwake kabla ya 1992 hawakumtoka kichwani, akawa anawasimamisha barabarani, mlangoni mwa benki, hata msibani, awaeleze upya, na mnakumbuka jinsi mlivyomkwepa, mmoja wenu alimwambia, "Mwalimu, mimi nauza saruji, logi nitampimia nani?", wengine walivuka barabara wakisema, "Huyo anakuja na mbili zake," na sisi familia tuliona aibu, tukamfichia viatu, tukawaambia watu ni uzee, ilhali akili yake ilikuwa timamu kuliko yetu tuliokuwa tunamsingizia.

Yule binti wa barazani baba alimpata Oktoba 2019, sasa mama mtu mzima, msimamizi wa ofisi ya bili za maji, baba akapanga foleni, alipofika dirishani akasema, "Nimekuja kujibu swali lako," watu wa nyuma wakapiga kelele, "Mzee, kama hulipi tupishe!", mama yule akamwomba asubiri kwenye benchi la nje, na alipotoka kwenda kula alikaa naye, akamsikiliza na mbili zake mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamwambia kwa upole, "Mwalimu, hiyo dada yangu alinieleza jioni ileile tukiosha vyombo, haikuchukua hata sufuria mbili, sikuwa nadai jibu, nilichokuwa nakitaka ni useme mbele ya wale walionicheka kwamba hujui, kwa sababu logi nilizielewa, ila mkono sikuunyoosha tena, si kwako, si kwa mwalimu mwingine yeyote," akaaga, akarudi kazini, na baba akaja nyumbani kwa miguu, hakutaka chai, na tangu siku hiyo hakumsimamisha tena mtu barabarani.

Alianza kusumbuliwa na moyo Mei 2022, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, alifariki dunia, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomhudumia vizuri ingawa aliwasahihishia chati zao, majirani waliotupikia na kutuletea viti, walimu wenzake, na hasa yule dada wa chaki, ambaye kwa miaka thelathini na zaidi alijua alikuwa anaulizwa na wala hakumtangaza.

Mwisho, wapo hapa wengi wa kidato cha tatu cha mwaka ule, mnajijua, na mwenye swali hatukumwita, wala hatutamtafuta kwa macho, lakini marehemu alitaka darasa lisikie sentensi hii ikisomwa kwa sauti, nami naisoma kama alivyoitamka: "Swali lilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa sijui, na nilijua kwamba sijui."

Tumesema, Baba, mbele ya wote. Sasa pumzika.