Josias Sebahire na Mnyoo Asiye na Mdomo

Tarehe 30 Juni 2024 Mwalimu Josias Sebahire anaweka chaki chini, baada ya miaka thelathini na mitano ya kufundisha biolojia katika sekondari yetu ya Institut Amkeni, hapa Goma. Aliingia mwaka 1989 akiwa na nywele. Vita na volkano zimepita, nywele zimekwenda nazo, yeye amebaki.

Nusu ya mji hawalijui jina lake. Wanamwita Papa Munyoo, yaani Baba Mnyoo, na hilo alilitafuta mwenyewe. Kuna mnyoo mrefu kama mtu, anayeishi chini kabisa ya bahari, gizani, penye nyufa zinazotoa maji ya moto yenye gesi inayonuka kama yai bovu. Hana mdomo wala tumbo. Ndani ya mwili wake wamo bakteria wasiohesabika; yeye huwaletea ile gesi kwa shungi lake jekundu la kichwani, nao humtengenezea chakula. Sebahire alimuunda kwa mpira wa maji na kipande cha kitambaa cha kikwembe chekundu, akawa anamwingiza kila mwaka katika darasa la sita la biochimie, mchepuo wa biolojia na kemia. Mwanafunzi aliyekua na harufu ya volkano yetu Nyiragongo puani hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Wanafunzi wake leo ni madaktari na mafundi wa maabara, na mmoja anakagua samaki kwa wavuvi wa Vitshumbi. Tunajivuna, tena bila haya. Lakini tunalomheshimia zaidi ni kosa lake.

Miaka ya kwanza alifundisha kwamba mnyoo huyo hurithi bakteria kwa mama yake. Hakulisoma popote, alikisia tu, na wanafunzi wakaandika. Mwaka 1997 alisema mbele ya darasa: "Mutoto ya munyoo anapewa bakteria na mama yake. Ule hana mama, anakufa na njaa." Mahoro, msichana aliyefiwa na wazazi njiani kutoka Rutshuru katika vita vya mwaka uliotangulia, alikusanya vitu vyake akatoka. Hakurudi tena shuleni.

Mwaka 2012 Sebahire alisoma katika gazeti la sayansi kwamba sivyo. Wekundu wa shungi mnyoo huurithi, umo katika jeni zake. Bakteria hawarithishwi. Mnyoo huzaliwa bila hata mmoja, maji humchukua mpaka mbali, na akishatua ndipo bakteria wa mahali pale humwingia kupitia ngozi. Siku hiyo chai yake ilipoa katika chumba cha walimu. Alitamka neno moja tu: "Mahoro."

Mwaka huo vita vipya vilikuwa vimewasukuma watu wa Rutshuru, kwao Mahoro, mpaka kambi ya Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji. Akawa anakwenda huko kila Jumamosi kumtafuta, mnyoo wake wa mpira begani, nami, mwalimu mwenzake, nikimsindikiza. Akina mama wakadhani anauza dawa ya minyoo, wakampangia watoto mstari. Basi akawafundisha biolojia, maana hakuwa na dawa.

Mahoro tulimkuta mbele ya hema lake, akisonga bugali, na watoto wake wawili pamoja na wengine wanne aliowaokota njiani. Sebahire, ambaye sote tunajua hapendi kushindwa hata katika mchezo wa dama, aliomba radhi palepale, mbele ya majirani. Alieleza yote. Mahoro hakuacha kusonga.

"Mwalimu, mi nilijuaka ile ni uongo," alisema. "Mama alikufa, batu ba barabara banilisha. Ikala sasa, ukule."

Akaketi, akala. Tangu hapo, kila somo la mnyoo alilianza kwa kutaja alivyokosea.

Mwalimu Josias, asante kwa elimu, na asante zaidi kwa kutuonyesha namna ya kurudi kusahihisha. Pumzika sasa, Papa. Uwe na afya na wageni wengi mezani. Septemba darasa lako litashikwa na Émérance, uliyemfundisha mwenyewe, mmoja wa wale wanne waliookotwa njiani.