Mama Kitana, Msusi wa Nywele Nusu

Mtaa mzima ulimjua marehemu kwa jina la Mama Kitana. Alizaliwa mchana kweupe tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa seremala na fundi cherehani. Mama yake alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kumwona mtoto huyo akinyamaza, isipokuwa anapomeza chakula.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza 1974. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Wakati wa mapumziko wasichana walipanga foleni nyuma ya darasa ili awasuke, na kitana chake kilishinda kimechomekwa kichwani. Mwalimu mkuu akamwita mama yake kulalamika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hizo nywele, zinafumuka?" Mwalimu akakiri kwamba hazifumuki. "Basi mwalimu, huyu ameshapata kazi." Jina la Kitana lilianzia hapo.

Baada ya kujifunza kwa msusi mmoja wa sokoni, tarehe 2 Mei 1983 alifungua saluni yake: chumba kimoja, vioo viwili na benchi la wanaongoja. Mistari yake ilinyooka kama iliyopigwa rula. Mteja aliyetikisa kichwa aliambiwa kwa upole kwamba kichwa ni chake, lakini mstari ni wa Mama Kitana.

Tarehe 6 Desemba 1986 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za saluni, kisha akarudi mara nne kuangalia kama bado zinawaka. "Taa hazikuwa na tatizo," alipenda kusimulia. "Mwenye tatizo alikuwa yeye." Walijaliwa binti mmoja na mwana mmoja.

Jumatano, tarehe 9 Juni 2004, alikanyaga kipande cha kioo alipokuwa akifagia. Kidonda kilikuwa kama punje ya mchele. Alikiosha, akabandika plasta, akaendelea na kazi. Ijumaa akaanza homa na kutetemeka. Mumewe alimletea vidonge, akamwambia, "Ni uchovu tu, lala." Jumamosi kulikuwa na bibi harusi, na marehemu hakuwa mtu wa kumwacha bibi harusi. Alisuka mpaka mwisho, ameegemea ukuta.

Jumapili asubuhi wifi yake, aliyemwona pia jana yake, alikuja kumjulia hali. Alimkuta anahema kama mtu aliyekimbia, mikono baridi. Marehemu akamwomba amwingize bibi harusi ili ammalizie. Bibi harusi hakuwepo. Wifi alikwenda sebuleni akamwambia kaka yake, "Kaka, huyu si yeye. Tunaondoka sasa hivi."

Hospitalini waliambiwa wakae kwenye foleni. Wifi hakukaa. Alisimama kwenye dirisha la mapokezi akasema bila kupandisha sauti, "Dada, mimi si daktari. Ila nimeishi na mwanamke huyu karibu miaka kumi na minane. Jana alinijua kwa jina, leo hanijui. Tangu jana hajapata haja ndogo. Naomba aonwe." Muuguzi akainuka, akatazama kucha za mgonjwa, akaacha kalamu palepale na kumfuata daktari.

Ilikuwa sepsis. Daktari aliwaeleza kwamba maambukizi ya kidonda kile yaliufanya mwili, badala ya kupigana na vijidudu peke yao, uanze kujiumiza wenyewe. Alisema pia kwamba wangengoja mpaka jioni, wangekuwa na mazungumzo mengine. Marehemu alilazwa siku arobaini na moja, kumi na tatu kati ya hizo katika chumba cha mahututi. Alirudi nyumbani bila ncha za vidole vinne vya mkono wa kulia, zilizokufa kwa kukosa damu, na figo zake zimedhoofika. Miezi mitatu baadaye nywele zikamtoka kwa mafungu. Aliufunga upara wake kitambaa kwa wiki moja, kisha akakivua. "Wahenga walisema kinyozi hajinyoi," aliwaambia wateja. "Mimi nimenyolewa na sepsis."

Hakuweza tena kusuka. Alilia mbele za watu siku moja tu, pale kitana kilipomponyoka mara tatu mfululizo. Baadaye aliketi kwenye kigoda akawafundisha wasusi wawili kila alichokijua. Nyumbani mumewe alikuwa anajilaumu kimyakimya, mpaka siku moja akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia ulale."

"Na mimi ndiye niliyelala," marehemu akamjibu. "Hilo jina hakuna kati yetu aliyekuwa analijua. Sasa tunalijua, basi tutalisema."

Akalisema. Mwaka 2009 alikuja mwalimu wa chekechea aliyejifungua siku kumi na moja kabla. Kulikuwa na joto, naye alivaa sweta na kutetemeka. Wasusi walipofika nusu ya kichwa, Mama Kitana aliwasimamisha. "Mwanangu, mbona unahema hivyo?"

"Sijui, mama. Nimalizieni kwanza, nitatembeaje na nywele nusu?"

"Nywele zitakungoja. Hiyo homa haingoji mtu."

Alimpeleka mwenyewe, na hospitalini akalitaja neno sepsis kabla hajaulizwa. Wiki tatu baadaye mwalimu alirudi amebeba mtoto, upande mmoja umesukwa, mwingine timutimu. "Nimekuja kumaliziwa," akasema. Saluni nzima ilicheka, na Mama Kitana akaomba ampakate mtoto.

Tangu hapo, kila Alhamisi asubuhi alizungumza na akina mama kliniki, akiwapa mkono wake waushike. Walionusurika walikuja, na waliofiwa pia. Dereva mmoja wa lori, aliyempoteza mkewe, alimuuliza, "Hasira yangu niipeleke wapi?" Marehemu alimmiminia chai, akakaa naye mpaka kikombe kikaisha. Alhamisi iliyofuata dereva alisimama akasimulia kisa cha mkewe mwenyewe.

Mwaka 2021 figo zilichoka, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, alihisi baridi. Akamwambia mumewe, "Baba, chukua kadi yangu. Twende, ni ileile." Saa moja haikupita, alikuwa ameshawekewa dawa. Alipigana siku kumi na moja, akafariki dunia Jumamosi, tarehe 16, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na siku mbili.

Mumewe alimuuliza daktari kama safari hii pia walichelewa.

"Hamkuchelewa, mzee. Mlimleta kwa wakati na dawa alipata kwa wakati. Mwili ulikuwa umechoka." Mzee akaomba arudie. Daktari akarudia.

Kati ya ugonjwa ule na huu ilipita miaka kumi na tisa na miezi tisa. Ndani yake alimwoza binti yake, akamwona mwanawe akiwa fundi umeme kama baba yake, na akasuka, kwa vidole vilivyobaki, nywele za mjukuu wa kwanza. Zilipinda kidogo, na mjukuu alikataa zifumuliwe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, wifi yake mpendwa, na wasusi wawili ambao watafungua saluni Jumatatu saa mbili kama kawaida. Alhamisi kliniki, wifi ndiye atakayezungumza.

Apumzike kwa amani ileile aliyowatafutia wengine.