Marehemu Pistoni Anataka Daktari wa Moyo

Benchi la Kamenovo liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Tsena, linatazamana na ukuta wa zahanati, na ukuta huo ndio gazeti la mji. Mtu akifa hubandikwa hapo, picha na jina ndani ya fremu nyeusi. Akitimiza siku arobaini hubandikwa tena, akitimiza mwaka ndiyo usiseme, hata wapo waliopata umaarufu ukutani ambao hawakuwahi kuupata mtaani. Asubuhi hiyo ukutani alikuwapo Nayden, fundi trakta mstaafu ambaye mji mzima humwita Pistoni, kijana mbichi, kofia ya jeshi imelala upande. Na kwenye benchi alikuwapo Pistoni huyohuyo, mzee, mkono kifuani, akinywa kahawa aliyokatazwa.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Pistoni alikuwa na binamu, naye Nayden, maana wote wawili walirithi jina la babu. Binamu alifariki mwaka jana. Mjane wake, akitengeneza tangazo la kutimiza mwaka, akachukua picha waliyopiga wawili jeshini, akaikata katikati, akabandika nusu isiyo ya mumewe. Muuguzi akafika asubuhi, akaona, akapiga ishara ya msalaba, akaingia ndani na kumuua Pistoni kwenye kompyuta. Rufaa ya daktari wa moyo, iliyobaki moja tu kwa mwezi mzima, akampa aliyefuata kwenye foleni.

— Ulimwambia kwamba uko hai? aliuliza Profesa. Huyu jina lake ni Metodi. Alikuwa mpiga kengele wa shule, na elimu ilimwingia kwa mtetemo.

— Nilimwambia. Akasema, nakuona, baba, karibu ukae. Ila kompyuta haikuoni.

— Si akufufue humohumo?

— Haifufui mpaka daktari wa moyo athibitishe kwamba unapiga.

— Basi nenda kwa daktari wa moyo.

— Kwa rufaa gani? Marehemu hapewi rufaa.

— Na bima?

— Bima nimelipa maisha yangu yote. Sijaruka mwezi hata mmoja. Moyo ndio unaruka.

Wa tatu benchini, Asparuh, aliguna. Huyo ni Waziri, kwa kuwa zamani aliwahi kumvuta waziri kutoka kwenye tope, na hadi leo anangoja shukrani. Siku hiyo alivaa tai, viatu vinang'aa, na pembeni yake mfuko wenye boksi la chokoleti na shingo ya chupa ya rakia, pombe kali ya matunda. Pistoni alidhani kuna ubatizo mahali.

— Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, alisema Waziri. Wewe kifo kimekuumbua hata kabla hujaficha.

— Tulia, Waziri, nina akili hapa, alisema Profesa. Mzima anangoja mwezi ujao, si ndiyo? Maiti je? Maiti anapokewa siku hiyohiyo. Haambiwi vua shati, wanamvua wenyewe. Moyo wanautoa, wanautazama kwa macho.

— Halafu?

— Halafu unakuwa na majibu kamili.

— Atayasoma nani?

— Hayo ni mambo ya familia.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Waziri.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Mgeni ni kisu.

Pistoni hakucheka. Asubuhi, kwenye ngazi za nyumbani, alisimama ameshika ukuta, na mkewe huko juu akajifanya anatafuta ufunguo ndani ya mkoba, akautafuta muda mrefu, ili mumewe asione aibu. Ufunguo ulikuwa mlangoni.

— Nimepata, alisema Profesa. Kwa kompyuta, binamu yako bado mzima, hakuna aliyemfuta. Na aliacha rufaa ya goti. Nenda kama yeye.

— Goti na moyo ni wapi na wapi?

— Ukichuchumaa vinagusana. Akisikiliza goti, we chuchumaa.

Mama Tsena akatoa kichwa dirishani.

— Bandikeni tangazo kwamba yupo hai, yaishe. Nayden yupo, anaonekana kila siku benchini, familia haina huzuni.

— Fremu rangi gani? aliuliza Profesa. Nyeusi watasema kafa tena.

— Kijani.

— Kijani ni ya Waislamu. Watasema kafa na dini kabadili.

— Bila fremu basi.

— Bila fremu ni tangazo la mbuzi anayeuzwa.

— Lakini mke wako lazima asaini, alisema Waziri. Bila mke ni uvumi.

— Nilimwambia. Amesema atafikiria.

Hapo ndipo basi dogo la kwenda mji mkubwa liliposimama. Dereva alikuwa mgeni, mwanamke anaitwa Ruska, wiki yake ya kwanza kazini, hakuwa anamjua mtu. Akafungua mlango bila kuzima injini.

— Shikamooni, wazee wangu. Muuguzi kaniambia kuna mtu wa daktari wa moyo, mwenye rufaa. Ni nani?

Profesa akatazama ukuta. Mama Tsena akafuta kaunta iliyokuwa kavu. Pistoni alitazama tai, akatazama viatu, akatazama chokoleti.

— Waziri.

— Naam.

— Ubatizo ni wa nani?

Waziri akainua kikombe, akanywa. Kilikuwa kitupu.

— Usiku moyo unanigonga, Nayden, alisema kwa sauti ndogo. Kama mtu yuko mlangoni. Sijamwambia hata mke wangu. Nilipopewa rufaa, naapa sikujua ni ya kwako.

Mkono wake ulikuwa umepanda kifuani, palepale ulipokuwa wa Pistoni. Wazee wawili wakakaa hivyo, kama wanaoimba wimbo wa taifa, mfuko katikati yao.

— Panda wewe, alisema Pistoni mwishowe. Mimi tayari nimeshakufa.

Waziri hakuinuka. Akausukuma mfuko kidogo kuelekea kwa Pistoni, Pistoni akaurudisha.

— Jamani, alisema Ruska, mgonjwa ni nani?

Akangoja. Kisha akazima injini.