Maisha ya Wembe na Njia Iliyopewa Jina Lake

Mwaka 1961, tarehe 14 Aprili, siku ya Ijumaa, mvua ikiwa imenyesha siku tatu bila kupumzika na barabara ya nyuma ya ghala la reli ikiwa imegeuka mto, alizaliwa ndugu yetu huyu tuliyekusanyika kumsindikiza, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi viatu na mama mshona mashuka, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga, na kwa kuwa mkunga alikwama ng'ambo ya maji, alipokelewa na bibi yake mzaa mama, aliyetoka jikoni mbio akiwa na unga mikononi, na ambaye hadi uzeeni alipenda kusema kwamba ndiyo maana mjukuu wake huyu hajali vumbi. Maneno hayo yalituchekesha miaka mingi, na leo hayatuchekeshi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968 na kumaliza la saba mwaka 1974, akaendelea na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi mitambo Novemba 1981, akiwa mwanafunzi wa kawaida katika masomo yote isipokuwa kazi ya kunoa, ambayo aliipenda kupita kiasi, hata mwalimu wa karakana, aliyekuwa akimpa visu vya nyumbani avitie makali, siku moja akamrudishia kimoja na kumwambia, "Wewe, punguza, mke wangu anataka kukata vitunguu, si vidole." Tangu siku hiyo aliitwa Wembe, na jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye vyeti tu.

Tarehe 3 Machi 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha karatasi za shashi, kwanza kama mpakaji wa grisi, na kuanzia mwaka 1986 kama fundi wa mashine ya kukata na kufungasha, ambayo hupokea gogo refu la karatasi laini, hulikata vipande kwa kisu cha duara chenye upana wa gurudumu la baiskeli, na kuvisukuma vipande hivyo kwenye mifuko. Kisu hicho hunolewa na mawe mawili yaliyofungwa kulia na kushoto kwake, yanayokigusa huku kikizunguka, na mawe hayo huziba kwa unga wa karatasi na gundi, yakiziba hupata moto, na yakipata moto karatasi hutoka na ukingo wa kahawia kama mkate ulioungua, kwa hiyo ni lazima yasafishwe kila zamu: mashine izimwe, kisu kifungwe kwa pini, kifuniko kitolewe, vumbi lifyonzwe kwa mashine ya kufyonzea, ndipo mawe yapigwe brashi na kuchongwa uso upya. Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini na tano, na Wembe aliifanya kwa utulivu wa mtu anayemnyoa mzee wake.

Tarehe 12 Septemba 1987 alifunga ndoa na mke wake, ambaye sasa ni mjane, muuzaji wa duka la vifaa vya shule, naye ameruhusu tuseme hapa alichozoea kumwambia mumewe kila aliporudi amechelewa, kwamba, "Mwenye nyumba ni ile mashine, mimi ni nyumba ndogo." Walijaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 1989, wa kiume mwaka 1992, na kitinda mimba wa kike mwaka 1996, ambaye ndiye aliyemfuata baba yake katika ufundi, na ambaye ndiye sababu ya historia hii kusomwa kama inavyosomwa.

Juni 2004 mota ya mashine ya kufyonzea vumbi iliungua, wakaambiwa nyingine imeagizwa, na wakati wa kungoja, Wembe mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, alichukua mpira wa upepo wa kompresa na kupuliza mawe, vumbi likaruka lote, mawe yakabaki meupe, na kazi ikaisha kwa dakika nne. Familia haifichi kwamba wazo lilikuwa lake, wala kwamba alilifurahia, maana alikuja nyumbani akitembea kama bwana harusi. Aliyelipokea ni meneja wa uzalishaji, ambaye alipiga hesabu ya dakika zilizookolewa, akamkabidhi Wembe cheti mbele ya wafanyakazi wote, akafuta agizo la mota, akauza mashine ya kufyonzea kama chuma chakavu, na kuamuru maelekezo mapya yaandikwe kwa rangi ukutani kando ya mashine, chini ya kichwa cha maneno Njia ya Wembe. Hakuna aliyeuliza vumbi lile, lenye unga wa karatasi, chuma na jiwe la kunolea, linakwenda wapi likisharuka, na jibu lilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi, kwamba lilikwenda kwa aliyesimama karibu. Barakoa walizopewa zilikuwa za kitambaa, na wenzake wakimwona ametoka mle mweupe hadi kope walimpigia saluti na kumwita Babu.

Kikohozi kilianza mwaka 2013. Daktari wa zahanati ya kiwanda alimwandikia dawa za wavuta sigara, yeye ambaye hakuwahi kushika sigara hata kwa utani, na alipolalamika aliambiwa basi labda jirani zake wanavuta. Miaka mitano alimeza dawa za moshi wa jirani. Aprili 2018, aliposhindwa kupanda ngazi za ghorofa ya kwanza bila kukaa, wanawe walimpeleka hospitali kuu, na huko daktari wa kifua hakumuuliza anavuta nini, alimuuliza anafanya kazi gani, akampiga picha, na kumwonyesha makovu yaliyojaa mapafu yote mawili, makovu ya vumbi la jiwe, ambayo hayafutiki.

Alichofanya Wembe baada ya hapo ndicho tunachotaka kikumbukwe. Hakuomba fidia. Alikwenda kwa meneja akiwa na picha ya kifua mkononi, akaomba jambo moja, kwamba upepo ukomeshwe, mashine ya kufyonzea inunuliwe, na maandishi yenye jina lake yafutwe ukutani. Meneja alimcheka kwa upole na kumjibu, "Wembe, njia ni ya kwako mwenyewe. Leo unataka tukukatae?" Februari 2019 aliachishwa kazi kwa sababu za kiafya, na Agosti mwaka huo huo kiwanda kikamwajiri binti yake, fundi mwenye stashahada, kikampanga kwenye mashine ile ile, na kuiita heshima kwa baba.

Wazazi mlio hapa mtaelewa. Mwanamume huyu alikaa kwenye kiti cha sebuleni, mtungi wa oksijeni pembeni, akimwona mtoto wake akirudi jioni na kope nyeupe, na alipomsihi aache kazi alijibiwa: "Baba, nikiacha, huo mtungi ataujaza nani?" Basi akawa anavuta pumzi zilizonunuliwa kwa pumzi za binti yake, na alilijua hilo, na lilimuuma kuliko kifua. Mara tatu alijikokota hadi lango la kiwanda kurudia ombi lake, mara tatu mlinzi, ambaye zamani akiwa kibarua alifundishwa kazi na Wembe, alimketisha kwenye benchi na kumwambia kwa aibu, "Mzee, wamesema wako kikaoni."

Ndugu yetu alifariki dunia Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Jana jioni mjumbe wa kiwanda alifika msibani na ubani, tunamshukuru kwa ubani, na akaomba kwamba katika historia hii tuseme marehemu aliugua kwa muda mrefu, tuishie hapo. Familia ilikaa, ikajadiliana, na jibu lake ni hili linalosomwa mbele ya mjumbe huyo, maana naye amekaa nasi hapa: marehemu hakuugua kwa muda mrefu tu, aliuawa polepole na vumbi ambalo lingeweza kufyonzwa, waliojua ni wengi, na binti yake anatakiwa kurudi kazini Jumatatu. Kwa agizo lake marehemu, alilolitoa kwa sauti ndogo lakini kwa akili timamu mbele ya mkewe na watoto, Njia ya Wembe imefutwa leo na mwenye jina, na yeyote atakayeitumia tena asiseme ameachiwa na yeye.

Familia inamshukuru daktari wa kifua wa hospitali kuu, aliyeuliza swali sahihi, na wauguzi wa wadi ya wanaume, majirani waliobeba mtungi kupanda na kushuka ngazi bila kuombwa, na mwenye duka la vifaa vya shule, aliyemfungia mjane hesabu za mauzo yake wiki zote hizi. Kwa namna ya pekee tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamu ya usiku, waliofika wamechelewa na kukaa pale nyuma wakiwa bado na ovaroli, kwa sababu leo asubuhi, kabla ya kuja kumzika, walizima mashine, wakafunga kisu, wakauacha mpira wa upepo umening'inia, na kuyasafisha mawe yale kwa brashi na vitambaa vya maji, msimamizi akiwa amesimama nyuma yao na saa mkononi, akiwaambia watajuta.

Pumzika, Wembe, bila kukohoa. Kwenye ubao wa zamu, katika safu ya muda uliopotea, msimamizi ameandika dakika thelathini na moja.