Kapsuli Nne za Jirani

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Msipige makofi bado, maana ushuhuda wangu unaanzia chooni.

Mnajua nauza vitenge hapa Kisugu. Meza ya jirani ni ya mwenzangu niliyetoka naye Congo. Jina silitaji, na msigeuke nyuma. Ana kicheko kinachoita wateja. Mimi nawaita kwa sauti mpaka koo linakauka, na bado wanakwenda kwake. Nawaambia kweli, nilimwonea wivu hata kabla sijaugua.

Nikiwa na mimba ya miezi mitano, mkojo ukaanza kuniunguza. Nikamnong'oneza. Akasema, "Dada, hata mie iliniuma hivyo. Nilimeza, ikaisha." Akafungua kikopo, akanipa kapsuli nne zilizombakia. Sisi ndivyo tulivyo: chumvi tunagawana, sabuni tunagawana, na dawa pia. Nikapata nafuu. Baada ya wiki mbili maumivu yakarudi. Nikanunua nne nyingine duka la dawa. Nilipomeza tatu nikaona nafuu, ile moja nikaiweka akiba. Nikarudia hivyo mara nyingi.

Hapo wivu ukanipanda kichwani. Kwa nini yeye apone, mimi nisipone? Na mume wangu, askari wa geti kule Nakasero, akipita pale humsalimu yeye kwanza! Nikaamua mwenyewe: ugonjwa huu wameniletea hawa wawili. Nilimtukana mbele ya wateja wake, nikamwita mwizi wa waume. Mume wangu akahamia kulala kazini kwa aibu.

Wiki hiyohiyo homa ikanishika, mgongo ukauma, nikatapika. Hospitali wakachukua mkojo, wakauotesha maabara waone ni wadudu gani. Daktari akauliza nimemeza nini, nikamwonyesha kikopo changu cha akiba, nikamlaumu na mume wangu. Akatikisa kichwa. "Nnyabo, mama yangu, wadudu hawa wametoka utumboni mwako mwenyewe, mumeo hana kosa. Lakini dawa hizi wamezizoea. Ukikatisha, dhaifu wanakufa, sugu wanabaki." Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye figo. Nikauliza habari za mtoto. Akasema, "Kuna sindano moja bado inawaua wadudu hawa. Tuombe Mungu."

Siku zote za sindano, aliyeniletea uji ni yule niliyemtukana. Vitenge vyangu pia aliniuzia, tena vingi kuliko ninavyouza mimi! Mungu anisamehe, pale kitandani nikamwonea wivu hata kwa wema wake. Kisha nikalia, nikawaomba msamaha yeye na mume wangu.

Mtoto huyu hapa mgongoni. Asanteni madaktari, asante baba watoto kwa kurudi nyumbani, asante mwenzangu.

Juzi mwenzangu huyo alinijia ameshika tumbo. "Dada, imerudi. Nipe zile zilikubakia." Nikasema sina, na hata ningekuwa nazo nisingempa. Akakasirika: "Hata dawa unaninyima? Wivu yako haijaisha?"

Nikamjibu, "Haijaisha. Vaa viatu, twende ukapimwe." Tukafunga meza zote mbili.

Ndugu zangu, chumvi tugawane, dawa tusigawane. Ameniruhusu niyaseme haya. Anacheka huko nyuma, mnamsikia. Leo asubuhi ameniambia ameshapona, anataka kuacha dawa. Jicho lililokuwa likimhesabia wateja sasa linamhesabia kapsuli. Zimebaki sita, na atazimeza zote.