Mshona Mito na Mgonga Mihuri

Muuguzi alikuwa amefumba macho ili asiombwe kiti, lakini masikio hayana vifuniko. Kando yake, ndani ya treni ya asubuhi, mama mmoja mshona mito alikuwa akimpa somo karani wa kugonga mihuri.

"Kila mto, kabla sijaufunga, naulalia kidogo," alisema mama. "Shingo ikiridhika, ndiyo namalizia kushona."

"Na bosi anakuona?"

"Juzi alinikuta nimepitiwa na usingizi. Akafoka, akalaza kichwa chake mwenyewe kunionyesha kwamba mto ni mto tu. Tulimwamsha jioni."

Karani alicheka mpaka mwavuli ukamponyoka, kisha akanywea. "Wewe una mito, dada. Mimi muhuri nitaulaliaje? Miaka kumi na tisa, pa, pa, pa! Watu nawajua kwa mikono tu."

"Si uinue macho, kaka?"

"Foleni itarefuka."

"Acha irefuke!"

"Rahisi kusema, wewe unayelala kazini."

Muuguzi aliona karani ana hoja. Jana yeye mwenyewe alidunga sindano watu ishirini na sita, naye alikumbuka mikono tu.

Treni ilisimama. Wale wawili waliteremka wakiwa bado wanavutana, na muuguzi akafumbua macho. Mbele yake bibi mmoja mwenye plasta mkononi alikuwa amesimama, ameshikilia bomba la treni, anatabasamu.

"Nesi wa jana!" alisema bibi. "Nimekuona tangu napanda, nikasema nisikuamshe. Umechoka, mwanangu."