Evelina Ng'washi, Bibi Harusi wa Televisheni

Mchungaji, wakwe zetu mliotoka Shirati, wazee wa Buswelu na waombolezaji wote, Bwana asifiwe. Mimi ni Luhaga, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo jana kwenye kikao niliombwa niyaruke.

Dada yetu Evelina Ng'washi Mashimba alizaliwa hapa Buswelu tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa tatu wa Mzee Mashimba na Mama Selina, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, na mwaka 1982 akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo mjini Mwanza, ambako aliingia kikundi cha sanaa cha wafanyakazi, akawa anachekesha watu mpaka mameneja wanasahau kurudi ofisini.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa kanisani Igoma na shemeji yetu Ojwang, ambaye yuko hapa, ng'ombe wa mahari wakapokelewa na baba yetu mdogo, Mzee Malimi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rozina mwaka 1990 na Yeremia mwaka 1992.

Mwaka 1994 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, naye akiwamo, lakini hakukaa kulia, alikwenda Dar es Salaam ambako televisheni ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, akapokelewa na kundi la maigizo, na haukupita muda jina lake likawa midomoni mwa watu, hata huku kwetu akipita sokoni wauza dagaa wanaacha kupima.

Agosti 1996 kundi lake lilikuja kurekodi harusi ya kijijini kwenye uwanja huu tuliokaa, yeye akiwa bibi harusi, ng'ombe wakaazimwa kwa jirani yetu Mayala, na Mzee Malimi akaombwa asimame kama mzee wa binti, awapokee, basi. Jamani, mzee wetu hajui kuigiza. Alipoona ng'ombe wanaingia aliwabariki maharusi kwa Kisukuma kwa moyo wote mpaka machozi yakamtoka, wenye kamera wakafurahi wakaiacha picha hiyo yote, na wakwe zetu wakaiona kwenye ukumbi wa video Musoma, mzee yule yule aliyepokea ng'ombe wao akipokea wa mwanamume mwingine, wakasema Evelina ameolewa mara ya pili na kwao si mke tena.

Tangu hapo aliishi Nyegezi na wanawe, na shemeji akakatazwa na wazee wake kumfuata. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma, sitaficha.

Alianza kuugua saratani Februari 1998, akatibiwa Dar es Salaam na hapa Mwanza, akafariki Jumanne tarehe 9 Novemba 1999, saa tatu asubuhi, mikononi mwa mama yetu. Leo ni Ijumaa, jeneza ni hili, gari liko tayari, lakini kaburi halijachimbwa Shirati wala Buswelu, kwa sababu mke huzikwa kwa mumewe, na wakwe zetu wamekaa nje ya turubai tangu asubuhi hawajasema kama wanampokea.

Mzee Malimi ameniagiza niseme mbele yenu kwamba ng'ombe wale wa maigizo hawakuwa mahari, hawakulala zizini kwake, jioni ile ile Mayala aliwaswaga akarudi nao kwake, na Mayala huyo hapo, mwulizeni. Na marehemu mwenyewe, asubuhi ile kabla hajakata roho, alinishika mkono akaniambia, "Mwambie Ojwang nilikuwa kazini."

Shemeji, nimekuambia.

Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nyegezi waliomletea uji na kumfulia, wasanii wenzake waliosafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam, na vijana walioshika majembe pale nyuma wakisubiri kuambiwa wachimbe wapi.

Naona shemeji ameinuka. Tafadhali mpisheni afike kwenye jeneza.

Pumzika kwa amani, Evelina, mke wa Ojwang.